Jibu: Wadudu wa mikokoni huenda wapi maji yakijaa?

Salaam mkuu. Nimekuelewa: vikombe vya kunasia wadudu unavyofukia nyuma ya mikoko ya Bagamoyo vinajaa maji, nawe unataka kujua wadudu wenyewe hujificha wapi.

Angalia mwezi kwanza. Bamvua, yaani maji makubwa, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na ndipo maji hufika hadi kwenye uwanda wa chumvi ambao siku za maji mafu, yaani maji madogo, hubaki mkavu. Kati ya kujaa na kupwa ni muda wa saa 6 hivi, kwa hiyo kikombe cha kulaza usiku kucha wakati wa bamvua ni kazi bure. Tega maji yakishatoka, kusanya kabla hayajarudi.

Wengi hawaendi mbali. Sisimizi waitwao maji moto hushona viota vya majani juu mtini, bahari haiwafikii. Wengine hupanda mashina. Kung'uta matawi juu ya shuka jeupe maji yakiwa juu.

Wa chini hutegemea hewa. Mbawakawa Bledius spectabilis wa fukwe za Ulaya huchimba shimo lenye shingo ya mm 2 hivi, nyembamba kiasi kwamba maji hayapenyi. Sisimizi Polyrhachis sokolova wa Australia husubiri ndani ya vyumba vya tope vilivyonasa hewa. Basi vitundu vidogo topeni usivikanyage: vifukue kwa kisu kutoka ubavuni, taratibu.