Barua kwa mwanangu: usimwambie shemeji yako akubali kosa

Kamwene, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Shemeji yako amesomewa shtaka la kupokea mali ya wizi katika Mahakama ya Wilaya, kwa simu aliyonunua Mwanjelwa. Alijibu "si kweli", dhamana iko wazi, ila wadhamini hawakutimia na sasa yuko gereza la Ruanda. Unauliza wakili mzuri wa jinai anapatikanaje hapo Mbeya, na kama si nafuu tarehe ijayo akubali tu, alipe faini, yaishe. Naanza na hilo la faini, maana ndilo lenye hatari.

Asikubali kabla hajazungumza na wakili. Ninyi mnaona "kupokea" ni jambo dogo kuliko "kuiba". Kwenye Kanuni ya Adhabu ni kinyume chake: wizi wa kawaida mwisho wake ni kifungo cha miaka 7, kupokea mali ya wizi ni miaka 10. Hakimu anaweza kutoa adhabu ndogo zaidi, lakini huo ni uamuzi wake, si wa ndugu waliokaa kikao nyumbani. Mtu akisema "ni kweli", anasomewa maelezo ya tukio. Akiyakubali nayo, anatiwa hatiani palepale bila shahidi hata mmoja kusimama. Baada ya hapo rufaa yake kwa kawaida inabaki juu ya adhabu tu, si juu ya hatia. Na kukana leo hakumfungii njia ya kukiri kesho. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, yakiandikwa na kupelekwa mbele ya hakimu. Hayo ayafanye akiwa na wakili, akijua anapata nini.

Sasa itafute hati ya mashtaka, hata picha yake ya simu. Ni karatasi moja au mbili. Juu pana jina la mahakama na namba ya kesi. Hiyo namba iandike, kila dirisha utakalokwenda wataiuliza. Chini yake kuna kosa na kifungu, kisha maelezo ya kosa: nani, lini, wapi, alifanya nini. Humo utakuta maneno yanayofanana na haya: "huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni mali ya wizi". Kesi nzima imelala hapo. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba simu iliibwa, kwamba ni hiyohiyo iliyokutwa kwake, na kwamba alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Kununua simu iliyotumika bila risiti si kosa kwa peke yake. Ila kama simu iliibwa juzi na leo iko mfukoni mwake, mahakama itamtaka aeleze aliipataje, na maelezo yenye mantiki yanaweza kumwokoa.

Kwa hiyo kusanyeni ushahidi wa ununuzi mapema. Alilipa kwa simu? Muamala ule usifutwe, una namba ya muuzaji, tarehe na kiasi. Bei nayo inazungumza: simu ya laki nne ukiinunua elfu hamsini gizani, hiyo ndiyo "sababu ya kuamini" wanayoitafuta. Nani alikuwepo? Halafu kuna IMEI, namba ya utambulisho ya simu, zile tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#. Namba iliyoandikwa kwenye hati ya ukamataji polisi walipoichukua simu ilingane na ile atakayoitaja mlalamikaji kwenye boksi au risiti yake. Tarakimu moja ikipishana, wakili anayejua kazi ataishikilia.

Muulize pia kama alisaini maelezo ya onyo kituoni, yaani yale polisi wanayomwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya, na katika mazingira gani. Polisi wana saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye mikononi mwao, zinazoweza kuongezwa, na alikuwa na haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Kama alilazimishwa, wakili alijue sasa, kwa sababu pingamizi hutolewa pale maelezo yanapoletwa kuwa kielelezo. Wengi hulikumbuka kwenye utetezi, na hapo limeshachelewa.

Kuhusu wakili: usimchukue anayekufuata getini kwa polisi au kwenye ngazi za mahakama. Vishoka, yaani mawakili bandia, wapo, suti wanazo. Kila wakili anahuisha cheti chake cha uwakili kila mwaka, na jina lake linaonekana kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, pamoja na hali yake kama anaruhusiwa kufanya kazi. Andika jina kamili, angalia. Chama cha Mawakili wa Tanganyika nacho kina tawi Mbeya. Lakini njia ninayoiamini mimi haina gharama: mahakama ni ya wazi, ingia asubuhi, kaa kimya nyuma, simu imezimwa. Baada ya siku mbili utajua nani anahoji mashahidi kwa kusoma jalada na nani anasimama kuomba ahirisho tu. Makarani hawatakuchagulia mtu, ila macho yako yatakuchagulia.

Achukue wa Mbeya. Kesi ya namna hii inatajwa na kuahirishwa mara nyingi. Mtu akiwa mahabusu ahirisho lisizidi siku 15, akiwa nje siku 30. Wakili wa kutoka Iringa au Dar es Salaam utamlipia nauli na malazi hata siku ambayo kesi imetajwa kwa dakika tatu.

Mkikutana naye, aandike ada inahusu hatua zipi: dhamana, usikilizwaji wa awali, mashahidi, utetezi, hukumu. Rufaa huwa mkataba mwingine. Dai risiti. Akisema "nitaongea na hakimu", nyanyuka uondoke. Hiyo ni rushwa, na TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, wako kwenye simu 113. Akikuhakikishia ushindi, hali kadhalika.

Fedha ikikosekana, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria watakusaidia barua na ushauri, ila hawasimami mahakamani kumtetea.

La leo ni wadhamini. Karani akuonyeshe masharti ya dhamana yalivyoandikwa, msiyakisie. Mara nyingi ni watu wawili, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa, na bondi ya kiasi fulani. Bondi inasainiwa, hailipwi. Mdhamini hudaiwa mshtakiwa akitoroka. Majina kwenye barua yalingane na NIDA herufi kwa herufi, kwani Mwakyusa ikiandikwa Mwakyuza mtarudishwa. Hamlazimiki kusubiri tarehe ya kutajwa: wadhamini wakiwa tayari, ombeni mahakama itoe hati ya kumleta kutoka gerezani. Nendeni asubuhi, na si Ijumaa mchana.

Msalimie mkwe wangu. Hati ukishaipata nipigie, unisomee maelezo ya kosa neno kwa neno.

Mama yako