Muulize Fundi: Asubuhi ya Baridi Gari Inatetemeka Kama Ina Homa

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi ni mwalimu niko huku Makete, natumia RunX ya 1.5, injini ya 1NZ. Tangu Juni iingie na hii baridi yetu, asubuhi ukipiga stata inazunguka vizuri tu ila haishiki haraka, ikishika inatetemeka gari zima, silensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inashuka mpaka nahisi itazima, alafu nyuma inanuka petroli na moshi mweusi kidogo. Ikishatembea kama robo saa inatulia. Likizo nikishuka nayo Dar haisumbui sana. Fundi wa hapa kabadilisha plagi, mwezi haujaisha hali imerudi ile ile, sasa anasema ninunue betri mpya, ikishindikana basi ni nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini. Mshale wa temperecha nao siku hizi haufiki karibu na katikati hata nikienda mbali, nadhani ni hii hali ya hewa. Nianzie wapi, maana hela ya kubahatisha sina.

JIBU: Habari mwalimu, na shikamoo kama umenizidi. Betri usinunue kwanza. Umesema mwenyewe stata inazunguka vizuri, na betri iliyochoka kwenye baridi utaisikia tu, inavuta polepole, taa za dashibodi zinafifia, au inapiga ka-ka-ka basi. Ukitaka uhakika mwambie fundi umeme aipime asubuhi kabla hujawasha, ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, na injini ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kama vichwa vya betri vina ule unga mweupe, maji ya moto na brashi vinatosha, kaza vizuri, umemaliza.

Mi nimeshtuka na huo mshale uliouandika mwishoni kama kitu kidogo. Sio hali ya hewa hiyo. Gari isiyo na tatizo, hata Makete, ikishapata moto mshale unakuja karibu na katikati na unakaa hapo hapo. Ukiona haupandi, mara nyingi thamostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Na hapa tuseme ukweli, mafundi wetu wengi gari ikichemsha tu wanatoa thamostati wanatupa, wanakwambia "huku kwetu joto haina kazi", ukiwa Dar huoni tofauti kubwa, sasa gari ikipanda mlimani ndo inalia. Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike kama nyuzi 80 na kitu. Isipokuwepo, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unawasha, injini haipati moto, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaona bado ni baridi inaendelea kumwaga petroli nyingi, plagi zinajaa masizi, kesho asubuhi unawasha na plagi chafu. Ndo maana plagi mpya zilikusaidia kwa muda tu, na nina uhakika mafuta nayo yanaisha haraka.

Kuhakikisha ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa washa, shika hosi ya chini ya rejeta (angalia mkono usiguse feni wala mkanda). Thamostati ikiwa nzima hiyo hosi inabaki ya baridi muda mrefu, alafu inakuja kupata moto injini ikishashika joto vizuri. Ukiona inapata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo, hapo thamostati haipo au imekwama wazi. Nunua thamostati na gasketi yake, weka na kulanti (maji maalum ya rejeta) ya kweli, sio maji ya bomba, maana kutu ya maji ndo inayofanya thamostati zikwame na watu wakazichukia bure. Ila kama ilitolewa kwa sababu gari ilikuwa inachemsha, muulize aliyekuuzia, na rejeta na feni vikaguliwe kabla ya kuirudisha.

Mkishamaliza hapo toa plagi uziangalie, nyeusi kavu ni masizi, safisha au badilisha. Wakiwa humo humo wafungue throto bodi (mlango wa hewa ya injini) na ile valvu ya silensa wasafishe kwa spreyi yake, kaboni ikijaa pale injini ya baridi inakosa hewa ya kutosha, ndo huko kutetemeka na kutaka kuzima. Bado ikisumbua, ndo mpime sensa ya temperecha ya maji kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari: asubuhi kabla ya kuwasha inatakiwa isome sawa na baridi ya nje, ikisoma nyuzi 60 wakati wewe umevaa koti, sensa imekufa. Nozeli ziwe za mwisho kabisa.

Na oili unaweka gani? Kama ni 20W-50 kwa huko ni nzito mno asubuhi, hiyo injini inataka 5W-30. Alafu acha kukanyaga mafuta wakati wa kuwasha, hiyo ni tabia ya gari za kabureta. Washa switchi, subiri sekunde mbili pampu ijaze presha, ndo upige stata.

SWALI: Fundi mi nina Hiace ya dizeli, asubuhi huku Mafinga napiga stata mpaka betri inachoka, ikiwaka inatoa moshi mweupe na kumisi, ikipata moto iko poa.

JIBU: Kaka, kapime hita plagi kwanza (zile zinazopasha joto ndani ya silinda ili dizeli iwake), hizo ziko nne, moja kwa kila silinda. Fundi azitoe waya, apime kila moja kwa mita, ikionyesha haipitishi umeme imeungua. Zote zikiwa nzima apime kama umeme unafika, maana rilei na fyuzi yake nazo zinakufa. Na wewe subiri ile taa yenye alama ya springi kwenye dashibodi izime ndo upige stata, madereva wengi mna haraka na abiria. Ile spreyi ya kuwashia wanayopuliza kwenye ea klina (kichujio cha hewa) usikubali kabisa kwenye gari yenye hita plagi, inaweza kulipuka kabla ya wakati ikavunja pistoni.