Ufunguo wa gari uliopotea haujapotea mpaka ufutwe kwenye gari

Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia juzi. Ufunguo wa Toyota yake umedondoka kwenye daladala, na alikuwa na huo mmoja tu, kama ilivyo kwa magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani. Fundi wa kwanza kamwambia ni kazi ya kuchonga tu. Wa pili kamwambia anunue kontroboksi nyingine, yaani kompyuta ya gari. Anauliza amwamini nani. Kabla ya kumwamini yeyote, aangalie dashibodi.

Gari likiwa limezimwa na ufunguo haupo, tafuta taa ndogo nyekundu karibu na saa au kwenye mita, mara nyingi yenye mchoro wa gari na kufuli. Kama inawaka na kuzimika taratibu, gari lina imobilaiza: haliwaki mpaka litambue chipu iliyo ndani ya ufunguo. Alamu ya kufungiwa mtaani nayo huwa na taa yake, usizichanganye. Vitz, IST na Spacio nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizouzwa Japani hazina imobilaiza kabisa. Kwa hizo fundi wa kwanza yuko sahihi, na atakayekutoza pesa ya kuprogramu anakuibia.

Kuchonga kwenyewe kuna namna yake. Ufunguo wa miaka 15 umelika, na ukinakiliwa, ulikaji wote unahamia kwenye ufunguo mpya, juu yake yanaongezeka makosa ya mashine. Matokeo yake ni ufunguo unaofungua mlango lakini unagoma kwenye swichi mpaka uutikise. Chonga kwa namba, ile iliyogongwa kwenye kibati kidogo kilichokuja na ufunguo. Kama kibati hakipo, fundi mzuri atatoa silinda ya kitasa cha mlango, asome urefu wa vipande vyake, kisha achonge ufunguo kama ulivyotoka kiwandani.

Gari lenye imobilaiza ni habari nyingine. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili. Ukiweka ufunguo, koili inaipa chipu nguvu kwa mawimbi, gari linauliza swali na chipu inajibu. Jibu lisipofika, ufunguo unazunguka vizuri, stata inapiga, lakini injini haishiki au inashika sekunde moja na kuzima. Chipu hiyo haina betri, ndiyo maana rimoti ikifa gari bado linawaka.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Chipu za Toyota hazifanani: kuna 4C za zamani, zikafuata 4D, kisha G, kisha H. Kwenye nyingi za hizi mbili za mwisho herufi imegongwa kwenye shingo ya chuma cha ufunguo. Ganda linaweza kuwa lile lile na bado gari likakataa. Rimoti nazo zina masafa yake. Magari ya soko la Japani hutumia takriban megahezi 312 hadi 315, ya Ulaya 433. Rimoti ya gari la Ulaya unaweza kuibonyeza mpaka kesho, gari la Japani halitasikia. Mtajie muuzaji namba ya chesisi na mwaka, usimpelekee picha ya ganda peke yake.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawakwambii. Kunakili chipu na kusajili chipu ni kazi mbili tofauti. Anayenakili anachukua chipu uliyonayo na kutengeneza pacha wake, na gari linaona ufunguo ule ule. Ni haraka na ni rahisi, na kwa ufunguo wa akiba haina ubaya. Lakini kama kuna ufunguo uliopotea, kunakili hakuugusi: aliyeuokota bado anaweza kuwasha gari lako. Anayesajili anaunganisha mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anafuta funguo za zamani na kuingiza zile ulizonazo mkononi. Dai hilo la pili. Kwa magari mengi mashine inaonyesha idadi ya funguo zilizosajiliwa, kwa hiyo mwambie fundi akuonyeshe namba hiyo kwenye kioo kabla hujamlipa. Kama unazo mbili na mashine inasema tatu, kazi haijaisha.

Kwenye Nissan nyingi na baadhi ya Honda, usajili mpya unaweza kufuta funguo zote zilizokuwepo. Nenda nazo zote, la sivyo ule ulioacha nyumbani utageuka kuwa wa kufungulia mlango tu. Na mlango ni mlango: kufuta chipu hakubadilishi kitasa. Kama ufunguo umepotea pamoja na kadi ya gari au kitu chenye anwani yako, badilisha silinda pia.

Funguo zote zikipotea, kazi inaongezeka. Kwa baadhi ya magari mashine peke yake inatosha. Kwa Toyota nyingi za zamani fundi anatoa boksi la imobilaiza, anafungua ubao wake, na kusoma kichipu cha kumbukumbu chenye miguu 8. Kontroboksi hainunuliwi nyingine. Kinachoharibu ni joto la chuma cha kulehemu lililozidi, au fundi kuandika data mpya bila kuhifadhi faili la awali. Lipo faili, kosa linarekebishika. Halipo, unaweza kweli kuishia kununua boksi. Betri ya gari nayo iwe imejaa au ishikiliwe na chaja, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kuprogramu unaweza kuvuruga kumbukumbu.

Yupo pia fundi atakayekushauri aiue imobilaiza moja kwa moja ili ufunguo wowote wa kuchonga uwashe. Mkatalie. Atakuwa ameondoa kinga ya gari lako ili kujirahisishia kazi yake. Fundi makini ataomba kadi ya gari, kitambulisho na taarifa ya upotevu ya polisi kabla hajagusa chochote. Usikasirike akiomba. Mwogope asiyeuliza.

Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe, msinunue funguo za smati zilizotumika bila kuuliza. Za Toyota hujifunga zikishasajiliwa kwenye gari moja, na hazikubali jingine mpaka zifunguliwe kwa kifaa maalumu. Betri ya smati ikiisha, chomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani, fungua mlango, kanyaga breki, gusisha upande wa nembo kwenye kitufe, subiri mlio, kisha bonyeza. Usiku usiuweke ufunguo karibu na mlango wa mbele, kwa kuwa wezi wawili wenye vifaa wanaweza kurefusha mawimbi yake hadi kwenye gari nje. Mfuko wa kuzuia mawimbi unasaidia, ila upime: tia ufunguo ndani, simama kwenye gari, shika kitasa. Mlango ukifunguka, mfuko ni kitambaa tu.

Na wewe mwenye ufunguo mmoja leo, tengeneza wa pili wiki hii. Ukiwa na ufunguo unaofanya kazi, kusajili mwingine ni kazi ya mashine tu, bila kubomoa dashibodi wala kuita gari la kuvuta. Kibati cha namba kipige picha, kisha kiweke mbali na funguo zote mbili: anayeijua namba hiyo anaweza kuchonga chuma cha gari lako bila kuuona ufunguo.