Maswali na Majibu: Kuutembelea Uwanja wa Trafalgar, London

Swali: Nitakuwa London kwa siku moja tu. Je, Uwanja wa Trafalgar unastahili kutengewa muda, na nifike saa ngapi?

Unastahili, mradi ufike kabla ya saa tatu asubuhi, wakati wapitao wengi ni wafanyakazi wanaowahi ofisini na makundi ya watalii hayajajaa. Shuka kituo cha treni za chini ya ardhi cha Charing Cross. Hakuna kiingilio, na hata jumba la sanaa la National Gallery, lililoko upande wa kaskazini, halitozi ada kwa wanaokwenda kuona picha zake za kudumu. Kwa uwanja wenyewe saa moja na nusu yatosha.

Swali: Sanamu ya Nelson iko juu mno hata haionekani vizuri. Mtu atazame nini?

Atazame chini. Wageni wengi hukunja shingo, wakapiga picha ya mtu aliye mita 50 na ushee kutoka ardhini, kisha wakaondoka wakidhani wamemaliza. Nguzo hiyo ilijengwa kati ya 1840 na 1843 kumkumbuka Admirali Horatio Nelson, aliyeuawa tarehe 21 Oktoba 1805 katika vita vya baharini karibu na Rasi ya Trafalgar, Hispania, ambako manowari za Uingereza zilizishinda zile za Ufaransa na Hispania. Kila upande wa kitako chake pana bamba kubwa la shaba lenye mchongo wa vita alivyopigana. Zunguka hadi upande wa kusini, unaoelekea barabara ya Whitehall, ulitazame bamba la kifo chake: miongoni mwa mabaharia waliosimama upande wa kushoto yumo mtu mweusi, bunduki mkononi. Weusi walikuwamo kweli katika manowari hizo, na mchongaji hakuwasahau, ingawa wengi wa wanaopita hapo hawamwoni.

Swali: Watoto wangu wanataka kupanda sanamu za simba zilizoko chini ya nguzo. Inafaa?

Watakuta wenzao wamekwisha kupanda. Lakini shaba hiyo, inayosuguliwa na makalio ya watu tangu simba hao walipowekwa mwaka 1867, huteleza vibaya mvua inaponyesha, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Mimi naona picha ya kando ya makucha inatosha. Kuoga katika chemchemi za uwanjani ni marufuku, sawa na kuwalisha njiwa, jambo lililopigwa marufuku mwaka 2003.

Swali: Kwa nini picha za rafiki zangu zinaonyesha sanamu tofauti mahali pamoja?

Mahali hapo ni kitako cha nne kati ya vitako vinne vya sanamu vilivyoko pembe za uwanja, nacho kiko pembe ya kaskazini-magharibi. Kilijengwa mwaka 1841 kwa ajili ya sanamu ya Mfalme William IV akiwa juu ya farasi, lakini fedha hazikutosha, kikabaki kitupu kwa zaidi ya miaka 150, mpaka mwaka 1999 ulipoanza utaratibu wa kukiwekea kazi za wasanii wa leo, ambazo huondolewa baada ya muda kupisha nyingine. Kwa maoni yangu, upungufu ule wa fedha ndio bahati kubwa kuliko zote iliyoupata uwanja huu. Mwaka 2010 Yinka Shonibare, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria, aliweka hapo meli ya Nelson ndani ya chupa kubwa, matanga yake yakiwa ya vitambaa vya rangi mfano wa vitenge. Sasa iko Greenwich, kusini-mashariki mwa London, na anayeipenda aifuate huko. Mwaka 2022 ilifuata kazi ya Samson Kambalu wa Malawi, inayomwonyesha mhubiri John Chilembwe akiwa amevaa kofia mbele ya mmisionari mzungu, jambo ambalo Mwafrika wa Nyasaland (ndiyo Malawi ya leo) ya mwaka 1914 hakuruhusiwa kulifanya. Mwaka uliofuata Chilembwe aliongoza maasi dhidi ya wakoloni, akauawa. Kambalu alimfanya mrefu kupita kiasi, na yule mmisionari akabaki mdogo nyuma yake.

Swali: Nikikuta maandamano, niondoke?

Si lazima, kaa pembeni, karibu na ngazi za kanisa la St Martin-in-the-Fields, usikilize. Kukusanyika na kupaza sauti ni desturi ya zamani ya uwanja huu. Upande wa mashariki utaliona jengo la ubalozi wa Afrika Kusini, ambako tangu Aprili 1986 hadi Februari 1990 watu walisimama nje usiku na mchana wakidai Nelson Mandela aachiwe huru. Februari 2005 Mandela mwenyewe alihutubia umati uwanjani hapo juu ya kuondoa umaskini, na kwa saa ile Nelson aliyetazamwa hakuwa yule wa juu ya nguzo. Kutoka jengo hilo hadi kwenye bamba la yule baharia ni mwendo wa dakika chache. Vuka barabara kwa taa, kwa maana magari ya upande wa Whitehall hayamsubiri anayetembea huku akitazama sanamu.