Jibu: Mume wangu saratani imerudi, nimlazimishe kemo (tiba ya dawa za kuua saratani)?

Pole sana dada. Kwa kuwa saratani ya utumbo mpana ya mumeo imerudi na kuingia kwenye ini, usimlazimishe. Muulize anachotaka mkiwa wawili, kabla mawifi na mashemeji hawajajaa sebuleni.

Mke wangu alipokuwa kwenye oksaliplatini, dawa mojawapo ya kemo, hakuweza kushika glasi ya maji baridi, vidole vilimchoma kama sindano. Nilimvisha soksi mikononi ndipo afungue friji. Kwa daktari alikuwa anasema "sijambo" tu. Nilipomsomea daktari daftari nililoandika dalili zake, dozi ikapunguzwa. Nawe andika kila kitu.

Mwulizeni daktari waziwazi: dawa hii inaponya au inarefusha siku? Ini linaweza kufanyiwa upasuaji? Na tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, ombeni sasa hivi, hata akiendelea na kemo. Maumivu usiku yanamsumbua?