Kabla hujaenda Misali, uliza maji yanajaa saa ngapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Unguja kaniandikia: "Dada, mwezi wa saba nataka kumpeleka mke wangu Misali, tukapumzike mbali na kelele. Nijiandae vipi?" Nikacheka peke yangu jikoni, kisha nikanyamaza. Mimi pia nilikwenda mwezi wa saba. Mpaka leo hakuna harusi ya ukoo wa mume wangu inayopita bila mtu kunikumbusha.

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, upande wa Chake Chake. Hakina kijiji wala duka. Kuna msitu, mibuyu, fukwe wanazotagia kasa, na wavuvi wanaokuja kupiga dago, yaani kambi zao za muda. Kimekuwa eneo la hifadhi tangu 1998. Kama na wewe umechoshwa na muziki wa ufukwe wa Nungwi kule Unguja, utakipenda, sina wasiwasi.

Sasa mimi, mjuaji, nilipanga safari nzima peke yangu: mume wangu, wifi yangu mkubwa na wanawe wawili. Nikachagua siku ya mwezi mpevu, ili tukirudi jioni mwezi utukute baharini. Nilishaona na picha zake kichwani.

Mwezi mpevu ni bamvua. Maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3, na kwetu siku hizo hupwa saa nne, saa tano asubuhi. Saa nne ndiyo niliyowaambia watu wawe pwani. Tulipofika, bahari iko kule, boti imelala ubavu kwenye tope. Nahodha, mzee wa makamo, alikuwa anashona wavu. Nikamwamkia, akaitika, akaitazama mikoba yetu.

"Mwanangu, leo bamvua. Hamkuuliza?"

Sikuuliza. Nilikuwa na simu yenye kila kitu, hata hali ya hewa ya Mombasa. Tukakaa chini ya mkungu mpaka saa saba, watoto wakamaliza maji ya kunywa na mikate ya kumimina, wifi akalizamisha kiatu kipya kwenye tope. Hakusema neno. Mwenye wifi anajua kimya kile kina maana gani.

Tena mwezi wa saba ni kusi, upepo mkali wa kusini. Tulipotoka nje ya mikoko tu, upepo ukatupokea. Wifi alitapika njia nzima, kanga yangu nzuri ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Kisiwani tulipata saa moja na nusu. Lakini saa moja na nusu ile! Tumbili walitushangaa sisi. Ukitia uso majini, matumbawe yameanza hapo hapo, huna haja ya kuogelea mbali. Nahodha akatusimulia habari ya Nabii Khidhri: alifika akaomba mswala, wavuvi hawakuwa nao, akasema kisiwa hiki kinaelekea kibla, kitakuwa mswala wangu. Wifi, uso bado umempauka, akatandika kanga iliyobaki akasali adhuhuri yake hapo mchangani. Ndiyo picha pekee niliyoipiga siku ile, na ni ya mgongo wake.

Kwa hiyo ndugu yangu, sikiliza. Muulize mvuvi, si simu. Ukishapata tarehe kichwani, muulize mvuvi tena. Nenda siku za maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo tu, tarehe nane au tisa ya mwezi mwandamo, au ishirini na tatu hivi, bahari haina purukushani na maji huwa maangavu. Kama likizo inakuruhusu, iache kusi ipite. Februari ni bora zaidi. Beba maji ya kunywa mara mbili ya unavyodhani, na takataka zako urudi nazo. Kaa wa nazi mwache na shimo lake. Wavuvi wa dago waombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha, wako kazini wale. Na usijifanye mjuaji mbele ya wakwe. Sisi watu wa mjini tunazaliwa kisiwani, tunazeeka kisiwani, na kupwa na kujaa hatukujui. Aibu hii si yangu peke yangu.

Juzi wifi kanipigia simu. Anataka kurudi Misali, watoto wanamsumbua. Nahodha kashanipa tarehe. Wifi kaniambia safari hii atavaa makubazi.