Kung'oa sakafu iliyooza kwenye boti kuukuu ya faiba

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni plaiwudi iliyofungiwa ndani yake, na kwa kuwa huioni, boti yaweza kung'aa rangi huku ukipita sakafuni mguu unazama kama umekanyaga godoro.

Pale mguu unapozama sipo uozo unapoishia. Maji huingilia juu: kwenye matundu ya skrubu za viti, za stendi ya usukani, za kifuniko cha tangi. Yakishaingia hufuata nyuzi za ubao, yakasambaa, yakashukia kwenye mihimili, yaani zile mbao za kusimama zinazotoka omo (mbele ya boti) hadi tezi (nyuma) na kuibeba sakafu. Tena mara nyingi si maji ya bahari. Kuvu inayokula mbao hupenda maji matamu, chumvi huizuia. Ndiyo sababu boti inayoshinda Kilindini kila siku huweza kuwa na sakafu nzima kuliko ile iliyoachwa juu ya trela uani Nyali, bila turubai, ikanyeshewa masika mbili tatu huku kizibo cha ngama, ile sehemu ya chini kabisa ndani ya boti maji yanapotuama, kimefungwa.

Kazi hii ni ya kaskazi. Hapa Mombasa Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, na mbao zinahitaji ukavu huo. Ukianza mwisho wa Machi, mvua itakukuta boti iko wazi, na utangoja mpaka masika iishe. Anayepandisha chombo ufukweni Mtwapa au Tudor kwa maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, apange pia siku ya kushusha: maji hayatarudi kimo kile mpaka bamvua nyingine, wiki mbili mbele.

Tafuta mwisho wa uozo kabla ya kukata

Toa viti, makasha, stendi ya usukani na kila kilichofungwa sakafuni. Piga picha za nyaya na mipira kabla ya kuchomoa chochote. Baada ya wiki tatu hakuna anayekumbuka waya upi ulikwenda wapi. Pima kimo cha sakafu kutoka ukingo wa juu wa boti, kila nusu mita, pande zote mbili, uandike. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyorudisha sakafu mpya mahali pake.

Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi, ukisogea sentimita 10 kila mara. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu. Uliooza, au ulioachana na faiba, hutoa mlio mfu. Chora mpaka kwa chaki, halafu uhakikishe kwa drili na biti ya milimita 5 au 6. Tazama kinachopanda na biti. Unga mweupe ni faiba. Ukifuatwa na chembe kavu za rangi ya mbao, ubao uko salama. Zikija chembe nyeusi, zimelowa, zinanata kwenye biti, hapo hamna ubao tena. Endelea kutoboa kwenda nje mpaka upate pakavu, kisha ongeza sentimita 15 hadi 30. Boti ikishapita miaka 20 na upande mmoja umebonyea, mimi singehangaika na kiraka. Sakafu yote itoke.

Usisahau ubao wa tezi unaobeba injini. Shika mguu wa injini, uinue na kuushusha. Tezi ikicheza, au nyufa nyembamba za pembeni zikifunguka na kufunga, nayo imekwisha. Itengeneze sasa wakati sakafu iko wazi. Anayefunga sakafu mpya juu ya tezi iliyooza ataikata sakafu hiyo hiyo ili afikie tezi.

Gadi kwanza, grainda baadaye

Sakafu na mihimili ndivyo vinavyolishikilia ganda, yaani mwili wa nje wa boti, lisibadilike umbo. Ukivitoa boti ikiwa juu ya trela yenye roli nne, ganda litabonyea pale roli zilipo, na ukifunga sakafu mpya utakuwa umeufunga ule ubonyeo humo moja kwa moja. Boti ya namna hiyo haiendi sawa majini tena, na hakuna rangi ya kulificha hilo.

Shusha injini. Laza mkuku, yaani uti wa chini wa boti, juu ya magogo kila mita moja, kisha tia gadi, yaani nguzo za kuegemeza, pande zote mbili, chini ya kona za ganda, kila gadi na kipande cha ubao wenye zulia ili uzito usambae. Pigilia mbao za inchi 2 kwa 2 kukatisha juu, kutoka ukingo hadi ukingo, mbele, katikati na nyuma. Vuta uzi kutoka omo hadi tezi, na mwingine kutoka pembe hadi pembe, uandike vipimo. Vipimo hivyo virudiwe kila asubuhi. Tofauti ikizidi milimita chache, rekebisha gadi kabla ya kugusa kitu kingine.

Petroli nayo. Chomoa betri uitoe nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, na cheche moja ya grainda yatosha. Tangi linalotoka litolewe, na ngama iachwe wazi ipigwe na upepo siku nzima. Kama tangi limezibwa na sakafu yenyewe, nyonya petroli yote, ujaze maji pomoni ili pasibaki nafasi ya mvuke, na eneo hilo ulikate kwa msumeno wa mkono.

Jikinge kabla ya vumbi la kwanza. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Tafuta ya mpira yenye vichujio vya vumbi laini, P3 au P100, na miwani iliyofunga pembeni. Ovaroli ya mikono mirefu, glavu, na mkanda wa gundi kuzungusha viwiko vya mikono na vifundo vya miguu. Ukimaliza oga kwa maji baridi, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani, la sivyo watoto watajikuna wiki nzima.

Kukata

Msumeno wa mviringo unaofungwa kina ni bora kuliko grainda. Sakafu nyingi za boti za futi 16 hadi 20 ni plaiwudi ya milimita 12, na faiba ya milimita 2 au 3 juu yake, kwa hiyo funga kina kwenye milimita 15. Diski ya grainda ya inchi 4 na nusu huweza kuzama hadi milimita 30 hivi, na hapo ndipo watu wanapotoboa ganda. Kama grainda ndiyo uliyo nayo, tumia diski ya almasi, pitisha mara mbili kijuujuu, usikandamize.

Sehemu ya hatari ni kandokando. Ganda hupanda kuikuta sakafu, hivyo karibu na ubavu nafasi iliyo chini ya ubao huwa sentimita 2 au 3 tu. Acha ukingo wa sentimita 5 hadi 7 pande zote, ukate kwa ndani yake. Na rangi ya vumbi ikuongoze: jeupe ni faiba ya juu, la kahawia ni ubao. Likianza kuwa jeupe tena, simama papo hapo. Umefika faiba ya chini, na inaweza kuwa ndiyo ganda.

Gawanya sakafu vipande vya kubebeka na mtu mmoja, nusu mita kwa mita. Ubao uliooza kabisa utatoka kwa mikono. Ulio mzima bado umeshikwa na skrubu na rezini (ule utomvu unaogandisha faiba) juu ya mihimili, basi kata sambamba na mhimili pande zote mbili, uondoe kipande, kisha kile kipande chembamba kilichobaki juu ya mhimili ukibandue kwa patasi pana na nyundo. Mtaimbo usiuegemeze kwenye ganda. Uegemeze juu ya kipande cha mbao. Hifadhi angalau vipande viwili vikubwa vya upande mmoja. Vitakuwa kielelezo cha kukatia vipya, na upande wa pili ni kuvigeuza tu.

Ule ukingo uliobaki huondolewa mwisho, kwa patasi kwanza, halafu diski ya kusagia ya nambari 36 au 40.

Povu, na uzito usioonekana

Boti nyingi za zamani zina povu chini ya sakafu. Likiwa kavu huelea. Likishanywa maji halikauki, hata ulianike Januari nzima. Kata kipande ukiminye. Kikitoa maji, povu lote la upande huo litoke. Lita 100 za maji ni kilo 100, na boti huzibeba safari zote, injini ikila mafuta ya bure. Kwangua kwa koleo lililonolewa na panga fupi. Usilichome moto, wala mabaki ya faiba, kwa sababu moshi wake ni sumu. Wala usiyatupe mikokoni. Tia kwenye magunia, yaende jalalani.

Mihimili

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Toboa kila mhimili ubavuni, sentimita 3 juu ya ganda, kila sentimita 30. Maji yakidondoka tunduni, ubao wa ndani umekwisha hata kama faiba ya nje inaonekana safi.

Usitoe mihimili yote kwa pamoja. Mmoja utoke, mpya uingie, ugande, ndipo uende kwa wa pili. Vuta uzi juu yake kabla ya kukata ili usipoteze kimo. Kata faiba sentimita 2 au 3 juu ya ganda, ukiacha kibaki kisimame kama alama ya mahali pa kurudishia. Kama ganda la faiba la mhimili ni nene na halina ufa, njia nyepesi ni kukata juu tu, kuchimba ubao mbovu wote kwa patasi na kutia mpya ndani yake. Njia hiyo hushindwa pale mtu anapoacha tope la uozo sakafuni mwa mhimili. Ubao mpya haushiki, na kuvu inaendelea.

Kukausha na kurudisha

Osha ngama kwa maji matamu kutoa chumvi, maana chumvi huvuta unyevu. Acha ikauke chini ya turubai lililoinuliwa, upepo upite. Kujua kama ubao uliobaki umekauka, bandika karatasi ya nailoni juu yake, uzibe kingo zote kwa mkanda, ulale nayo. Asubuhi ukikuta umande kwa ndani, bado.

Saga ganda sentimita 10 hadi 15 kila upande wa mahali ambapo faiba mpya itashika, mpaka mng'ao wote uishe, kisha ufute kwa asetoni.

Kwenye plaiwudi kuwa macho. Ile inayoitwa marine madukani mara nyingi ni ya kumwagia zege. Tafuta mhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya vyombo vya majini. Kama hakuna, chemsha kipande saa kadhaa. Tabaka zikiachana, kirudishe. Sakafu ya mita 4 kwa 1.5 hula mbao tatu za futi 8 kwa 4. Mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba, ya gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa rezini kilo moja na kidogo kwa kila mita ya mraba, hivyo tabaka mbili za juu, kiungo cha pembeni na kupaka upande wa chini vinafika kilo 20. Nunua 25. Hiyo ni bila mihimili.

Kwa joto la hapa hadina, ile dawa ya kugandisha, iwe asilimia 1, karibu mililita 9 hadi 10 kwa kilo ya rezini. Usishuke chini ya hapo, la sivyo rezini haitakomaa kamwe. Changanya nusu kilo kwa mara, alfajiri au baada ya alasiri. Saa sita mchana ndoo hugandia mkononi, hufuka moshi, na huweza kuwaka. Hadina ikiingia jichoni hupofusha. Kama rezini yako huuzwa na kichapuzi cha kobalti mbali, changanya kobalti ndani ya rezini kwanza, baadaye hadina. Viwili hivyo vikikutana peke yao hulipuka. Tabaka la mwisho litiwe rezini yenye nta, la sivyo juu hubaki panata.

Kabla ya kufunga, hakikisha kila mhimili una tundu la chini la kupitishia maji, lenye kipande cha paipu ya PVC ya milimita 20 kilichogandishwa kwa rezini ili ubao usiguswe na maji. Skrubu za viti usizipige moja kwa moja kwenye ubao. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, ikiganda utoboe tena katikati yake. Na boti ikilala nchi kavu, omo iwe juu, kizibo cha ngama kiwe nje, kimefungwa kwenye ufunguo wa injini ili asitokee mtu wa kuishusha majini bila kizibo.